Sahihi ya Wino wa Kijani

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Kama umebandika chungu, punguza moto. Kama una cherehani mbele yako, inua mguu kwenye pedali kidogo, maana tunayemkumbuka leo alikuwa fundi wa cherehani, na kipindi hiki alikisikiliza huku anapiga pindo. Mtaani walimwita Fundi Taratibu, nasi tutamwita hivyo hivyo. Alifariki dunia Jumatano ya wiki mbili zilizopita, asubuhi, akiwa na miaka sitini na minane. Alifia kwenye zahanati ya mtaa wake.

Shikeni hilo la zahanati. Tutalirudia.

Fundi Taratibu alishona sare za shule. Ukipita mtaani kwake saa moja asubuhi, watoto wote unaowaona wamevaa kazi ya mikono yake. Na alikuwa mwoga. Tuseme ukweli, wapendwa, tusimvalishe marehemu nguo ambazo mwenyewe hakuzivaa. Aliogopa mbwa. Aliogopa lifti. Aliogopa bahasha yenye muhuri hata kama ndani ni kalenda. Simu yake ikilia, aliitazama kama imemtukana, akaiacha iite mara tatu ndipo aipokee.

Binti yake, ambaye ni fundi pia, alituambia hivi: "Mama akiulizwa jina lake ofisini, linampotea. Kweli kabisa. Anageuka kunitazama mimi, eti nimkumbushe."

Hata lile jina la Taratibu lilitoka hapo. Watu wakivuka barabara, taratibu. Watu wakipandisha sauti, taratibu jamani. Siku ya harusi yake, ndugu zake wanasema, wapigapicha walipomwambia bwana harusi ambebe bibi harusi, Fundi alisema taratibu, niweke chini, nitatembea.

Sasa mtu wa namna hii aliingiaje kwenye Kundi la Benchi la Nyuma?

Wengi wenu mnalijua kundi hilo. Kwa wasiolijua, ni hivi. Baraza la madiwani linakutana Jumanne ya kwanza ya kila mwezi, saa tatu asubuhi. Sheria inasema mwananchi yeyote anaweza kuingia, kukaa na kusikiliza. Miaka ishirini iliyopita hakuna aliyekuwa anaingia. Benchi la wananchi lilikuwa nyuma kabisa ya ukumbi, na kwenye vumbi lake ungeweza kuandika jina kwa kidole. Mwalimu mmoja mstaafu, wa hesabu, akakusanya watu saba, wakaenda wakalifuta vumbi, wakakaa. Walisikiliza na kuandika. Kesho yake wakawasomea watu yaliyosemwa, kwenye foleni ya maji, kwa kinyozi, popote pale watu walipokuwa wamesimama hawana la kufanya. Hiyo ndiyo kazi yao hadi leo. Wanakaa, wanasikiliza, wanaandika, wanauliza.

Mwalimu alipeleka suruali ikapunguzwe kiuno. Akaona daftari la vipimo la Fundi Taratibu. Mwandiko wake ulikuwa umenyooka, namba zimesimama kwa adabu, kila mteja na ukurasa wake. Mwalimu akasahau suruali.

"Mwandiko huu unapotea bure hapa," akasema. "Njoo uwe katibu wetu."

"Mimi? Kwenye baraza? Mwalimu, unataka nife?"

"Utakaa tu. Hutasema neno."

"Hata neno moja?"

"Hata moja."

Akaenda. Miezi mitano akakaa upande wa dirisha, karibu na mlango, akaandika bila kuinua kichwa. Binti yake anasema siku za mkutano mama yake alikuwa anaiacha chai kikombeni. Lakini anakwenda.

Mwezi wa sita ndipo likaja la zahanati. Halmashauri ilitaka kuihamishia ng'ambo ya barabara kuu. Mnaijua barabara ile na magari yake makubwa yasiyo na simile. Mama mwenye uchungu angevuka vipi pale? Benchi la Nyuma likaamua kuuliza. Na swali la wananchi lina utaratibu wake. Sikilizeni vizuri, kwa sababu habari yetu yote imesimama hapa. Linasomwa barazani na mwananchi mwenyewe. Kisha ndani ya siku saba unapeleka masjala daftari la watu wanaoliunga mkono. Kila mtu aandike jina, namba ya nyumba na sahihi. Na sahihi zisipungue thelathini. Zikiwa ishirini na tisa, swali linatupwa.

Thelathini. Kumbukeni namba hiyo.

Kuandika jina lako kwenye karatasi ya serikali, miaka ile, halikuwa jambo la mzaha. Mwaka mmoja kabla, muuza magazeti alikuwa ameuliza swali barazani. Swali lenyewe la kawaida tu, habari ya taa za barabarani. Wiki iliyofuata kibanda chake kikavunjwa. Labda vilihusiana, labda havikuhusiana. Hakuna aliyejua, na kutojua kulitisha kuliko kujua. Kwa hiyo watu waliunga mkono kwa kichwa, kwa macho, kwa kushika mkono wa Mwalimu kwa nguvu. Kalamu ikitolewa, mtu anakumbuka ameacha mlango wazi nyumbani.

Aliyewafanya waandike ni Fundi Taratibu. Aliketi na mtu, akamwambia, "Mimi naogopa kuliko wewe. Tazama mkono wangu." Na mkono ulikuwa unatetemeka kweli. Kisha akamwahidi: "Daftari hili halitatoka mwilini mwangu. Jina lako mimi ndiye nalibeba." Na aliposema mwilini hakuwa anatia chumvi. Alikuwa ameshona mfuko ndani ya gauni lake la kazi, upande wa kushoto, chini ya mbavu, wenye kifungo. Daftari lilikaa humo mchana kutwa. Alikata vitambaa nalo, akapima watu nalo.

Watu arobaini na mmoja wakaandika. Muuza nyama aliandika. Nesi wa zahanati yenyewe aliandika, mtu ambaye mshahara wake unatoka kwenye halmashauri hiyo hiyo. Watu arobaini na mmoja, na wote waliandika kwa ajili ya Fundi Taratibu kabla ya mtu mwingine yeyote.

Halafu Mwalimu akapoteza sauti. Mafua tu, lakini sauti ikawa imekwenda kabisa. Asubuhi ya mkutano akaandika kwenye kipande cha karatasi: Fundi, soma wewe.

Wapendwa, hebu mfikirieni mwanamke huyu.

Binti yake ndiye aliyesema, "Mama, huwezi kusimama mbele ya waheshimiwa na gauni lenye alama za chaki." Kulikuwa na gauni jipya, la bluu nzito, alilokuwa amejishonea mwenyewe, halijavaliwa hata mara moja. Likavaliwa. Lilimkaa vizuri. Ila halikuwa na mfuko ndani. Fundi anayekumbuka vipimo vya mtaa mzima alisahau kitu kimoja, kwamba mfuko ulibaki kwenye gauni la zamani.

Binti anasema, "Mpaka leo najilaumu. Ningemwacha na chaki zake."

Alikwenda na daftari mkononi. Alipoitwa, akaliweka kwenye benchi, akasimama na karatasi ya swali. Waliokuwepo wanasema sauti yake ilianza chini kabisa, mwenyekiti akamwambia apandishe, akapandisha, ikapasuka. Akaanza upya. Akasoma mpaka mwisho. Swali lilikuwa la mistari minne. Alipomaliza alikaa, kisha akasimama, kisha akatoka. Wenzake walimkimbilia nje kumpongeza. Akacheka. Binti anasema ilikuwa mara ya kwanza kumwona mama yake akicheka nje ya nyumba yao.

Saa nane mchana, akiwa amekaa kwenye cherehani, mkono wake wa kushoto ukaenda ubavuni kwa mazoea. Hakuna kitu.

Alipapasa tena. Akapapasa upande wa pili. Akasimama, akakung'uta gauni. Akafungua kabati, akashika gauni la kazi, mfuko upo, mtupu. Binti yake alimkuta amekaa sakafuni, gauni mapajani.

"Nimewaacha," akasema. "Watu wote. Nimewaacha kwenye benchi."

Alirudi mbio, yeye asiyekimbia. Saa tisa alikuwa getini. Mlinzi alikuwa anakula chungwa. Akamwambia ukumbi umefungwa, funguo ziko kwa wahusika, aje kesho saa mbili. Fundi Taratibu hakuthubutu kusema anatafuta nini. Angesemaje? Kwamba kuna daftari, na ndani yake wamo hawa na hawa? Akasema ameacha mwavuli. Mlinzi akatazama angani, jua linawaka, akamtazama yeye. Akaendelea na chungwa lake.

Kuanzia saa tisa ile hadi saa mbili ya asubuhi iliyofuata ni saa kumi na saba. Alizihesabu. Hakula. Gari likisimama mtaani, anasimama. Mtu akigonga kwa jirani, anakaa. Alimwona nesi akipita kwenda zamu ya jioni, akamwita, nesi akageuka na kutabasamu, na Fundi Taratibu akashindwa. Akamwambia tu, "Safari njema."

Asubuhi ukumbi ulikuwa wazi. Sakafu ilikuwa mbichi, imetoka kupigwa deki, inanuka sabuni. Akatembea pembeni pembeni kando ya ukuta mpaka kwenye benchi la nyuma. Daftari lilikuwepo, pale pale alipoliacha. Lakini yeye aliliacha limelala upande, na sasa lilikuwa limenyooshwa, sambamba na ukingo wa benchi.

Akalifungua. Moja, mbili, tatu. Arobaini. Arobaini na moja.

Arobaini na mbili.

Mstari wa arobaini na mbili haukuwa na jina. Haukuwa na namba ya nyumba. Nafasi hizo mbili zilikuwa tupu. Kulikuwa na sahihi peke yake, umbo la ndoano na nukta mbili chini yake. Na wino wake ulikuwa wa kijani.

Wapendwa, mliowahi kufanya kazi kwenye halmashauri ile mnajua. Makarani wanaandika kwa bluu au mweusi. Kijani ni cha mkurugenzi. Barua ikirudi na neno la kijani, watu wanasimama. Fundi Taratibu alikuwa amekaa barazani miezi sita, ameona makabrasha yanapita. Alijua kijani ni cha nani. Akalifunga daftari. Akasikia ndoo inaburutwa mahali fulani kwenye ukumbi, akatoka bila kugeuka.

Alimpelekea Mwalimu. Mwalimu akavaa miwani, akavua, akaifuta, akavaa tena. Sauti yake ilikuwa imeanza kurudi.

"Wanasema wametuona," Fundi akasema. "Ndiyo maana yake, Mwalimu? Wametuhesabu, wakaweka alama, wakaturudishia."

"Sijui," Mwalimu akasema kwa kunong'ona. "Naogopa ndiyo."

Sasa angefanya nini? Angeweza kulichoma daftari. Hakuna ambaye angemlaumu, maana hakuna aliyejua. Moto ulikuwepo, pasi yake ilikuwa ya mkaa. Alikaa nalo siku nzima. Siku ya pili akavaa gauni la kazi, akalitia kwenye mfuko, akafunga kifungo, na akaanza kubisha hodi. Nyumba arobaini na moja. Kila mlango aliingia akasema maneno yale yale: "Nilikuahidi halitatoka mwilini mwangu. Limetoka. Limelala kule. Mtu mkubwa amelisoma na kutia sahihi. Nimekuja uniambie nifanye nini na jina lako."

Binti yake alimfuata nyumba chache za mwanzo, akashindwa kuendelea. "Nilikuwa siwezi kutazama nyuso," anasema. Mmoja alimfukuza. Mmoja, mama wa watoto watano, alilia tu. Muuza nyama alisema, "Fundi, sisi si maadui, lakini usiniletee tena karatasi." Jirani yake wa miaka mingi alimwambia, "Ulisema wewe unaogopa kuliko mimi. Kumbe ungeogopa vizuri zaidi." Neno hilo alilibeba mpaka kufa.

Na nesi? Nesi alikuwa anakunja mashuka. Hakuacha kukunja. Akasema, "Liache jina langu, dada. Niliandika nikiwa na akili zangu timamu."

Watu kumi na wawili walitaka watoke. Kukata kwa kalamu hakukuwatosha, maana kilichokatwa kinasomeka. Kwa hiyo Fundi Taratibu alichukua kitambaa cheusi cha bitana, akakata vipande vyembamba kumi na viwili, na kwa sindano ya mkono akavishonea juu ya mistari yao, kuanzia jina hadi sahihi, kila kimoja pande zote nne, mishono midogo midogo. Tumeliona daftari hilo. Huwezi kusoma herufi hata moja chini yake, hata ukiinua ukurasa kwenye jua.

Arobaini na mmoja, toa kumi na wawili. Wanabaki ishirini na tisa. Na zinatakiwa ngapi? Thelathini. Mwalimu wa hesabu hakuhitaji kuambiwa.

"Basi imekwisha," akasema.

"Najua. Lakini hawa ishirini na tisa wameniambia nilipeleke. Nikilikalia nitakuwa nimewadanganya mara mbili."

Siku ya saba, saa tano, alisimama mbele ya dirisha la masjala. Alikuwa amevaa viatu vya mpira, na hakumficha mtu kwa nini: vya kukimbilia. Karani akafungua daftari, akashangaa vitambaa vyeusi. Akaweka kidole kwenye safu ya sahihi, akashuka nacho. Anaruka kitambaa, anashuka. Midomo yake inacheza. Alipofika chini kabisa, kidole kikasimama kwenye kijani. Fundi Taratibu aliona kabisa kidole kikisimama. Karani akainua macho, akamtazama, akatazama tena kijani, na mgongo wake ukanyooka kama mtu aliyeitwa na mkubwa.

"Thelathini," akasema. Akapiga muhuri, akaandika stakabadhi, akamrudishia daftari.

Fundi aliwaambia wenzake baadaye kwamba alitaka kusema siyo, ni ishirini na tisa, hiyo moja si yetu. Ulimi haukutikisika. Alitoka na stakabadhi mkononi, na badala ya furaha alikuwa na baridi. Kwa maana sasa alikuwa na hakika. Kama mkubwa mwenyewe ameweka sahihi ili swali lipite, basi anataka lipite. Na kama anataka lipite, ni ili watoke wote mahali peupe. Ndivyo alivyofikiri. Hofu ina hesabu zake, wapendwa, na kila ukihesabu unapata jibu lile lile.

Swali likajadiliwa mwezi uliofuata. Madiwani wakapiga kura. Zahanati ikabaki. Ipo pale pale hadi leo, na wangapi kati yenu mnaotusikiliza mmezaliwa mle, au mmezalia mle? Mtaa ulishangilia. Fundi Taratibu alikwenda nyumbani akabadilisha kitasa cha mlango.

Miezi miwili baadaye nesi akahamishwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba uhamisho, amfuate mumewe. Alimweleza Fundi kwa kinywa chake, akamwonyesha na barua ya maombi. Fundi akatikisa kichwa kwamba ameelewa. Kisha akamwambia binti yake, "Wamemlazimisha aandike hivyo."

Ikawa hivyo miaka kumi na tisa. Mtu wa kwenye daftari akifukuzwa kazi, ni daftari. Mwingine akiunguliwa na duka, ni daftari. Kila mwisho wa mwaka aliwapitia mmoja mmoja wale ishirini na tisa, anapeleka salamu, kumbe anawahesabu. Na wale kumi na wawili pia, kwa mbali. Mteja akitaja halmashauri, sindano inamchoma kidole. Kulikuwa na mama mmoja, mhudumu wa usafi wa ofisi zile, mteja wake wa miaka mingi, aliyekuwa akileta koti lake la kazi lishonwe vifungo. Hata koti lile tu likining'inia kwenye msumari lilimkosesha raha. Alilishona haraka ili liondoke.

Lakini sikilizeni na hili. Katika miaka hiyo kumi na tisa, mwoga huyu alikosa mikutano miwili tu. Mmoja alikuwa amelazwa, wa pili alikuwa anamzika mumewe. Alisoma barazani maswali kumi na manne. Mkono ulitetemeka mara zote kumi na nne. Na magauni yake yote, mpaka la mwisho, yalikuwa na mfuko ndani.

Moyo ndio ulioshindwa. Walimlaza kwenye zahanati ile ile, kitanda cha karibu na mlango, alichagua mwenyewe. Siku moja kabla ya kufariki alimwita binti yake karibu.

"Wakija kuuliza daftari," akasema, "waambie niliandika yote mimi. Majina yote. Wale watu hawajui kitu."

"Mama, imeshapita. Hakuna atakayekuja."

"Ukishawaambia hivyo, hawatawagusa."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho yenye maana. Asubuhi alikuwa ametutoka.

Siku ya tatu ya msiba, watu wamepungua, akaingia yule mama wa usafi. Siku hizi amestaafu, goti linamsumbua. Alikuja na mfuko wa nailoni, ndani yake lile koti la kazi, eti alitaka tu kukaa nalo. Akakaa. Mwalimu, ambaye sasa anatembelea fimbo, alikuwa anawasimulia wageni habari ya zahanati, akafika kwenye sahihi ya kijani, jinsi mkurugenzi alivyowatia alama. Yule mama akamkatiza.

"Mkurugenzi gani?"

"Wa wakati ule."

"Yule hakuwahi kuingia ukumbini jioni hata siku moja. Nilikuwa naingia mimi."

Binti alikuwa amesimama na sinia la vikombe, akaliweka chini.

Tunawasimulia kama alivyotusimulia mwenyewe. Jioni ile alikuwa anafagia ukumbi. Akaliona daftari, akalifungua ajue ni la nani, akasoma swali lililoandikwa juu ya majina. Binti yake alikuwa na mimba ya miezi minane, na walikaa mita mia kutoka zahanati. Akataka kuandika. Hakuwa na kalamu. Akaikuta kwenye kapu la takataka la ofisi ya mkurugenzi kalamu imetupwa, inaandika kwa kusuasua. Haikuwa na rangi nyingine.

"Nilifika kwenye jina, nikaogopa," alisema. "Nikasema wakiliona jina langu, kesho sina kazi. Nikaruka. Nyumba, nikaruka. Nikasema angalau saini. Nikalinyoosha daftari vizuri kwenye benchi, nikaondoka. Nilidhani atafurahi kuona mmoja ameongezeka."

Binti akaleta daftari. Akampa kalamu na bahasha. Yule mama akatia sahihi nyuma ya bahasha. Ndoano, na nukta mbili chini.

Mwalimu aliuliza swali ambalo na nyinyi mnaliuliza. Kwa nini hakusema? Miaka kumi na tisa. Amekaa kwenye kiti cha Fundi Taratibu, amepimwa mabega, mkono ule ule umeshikwa na utepe wa kupimia, na hakusema?

"Nilitaka," akasema. "Mara nyingi. Lakini nikitaja tu ofisini, naona anashtuka. Nikajua hapendi kuguswa habari zile. Nikasema ya nini kumtia hofu mtu wa watu."

Binti alilia kwa sauti, mara ya kwanza tangu msiba uanze. Wote wawili walilia. Halafu binti akamsogezea daftari, ukurasa wazi, akamwonyesha mstari wa arobaini na mbili, nafasi mbili tupu. Yule mama akafuta macho kwa koti lake. Akaandika jina lake, lote, na la baba yake. Akaandika namba ya nyumba. Mkono wake ulikuwa unatetemeka.

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole binti wa marehemu, wajukuu, ndugu zake, na Mwalimu na Benchi la Nyuma zima. Tunampa pole na mama wa mstari wa arobaini na mbili, ambaye alikuja kwenye msiba kama mteja na akaondoka kama mfiwa. Mungu awatie nguvu.

Na sisi tuliobaki, tujiulize leo. Kuna mtu unayemwogopa kwa sababu ya kitu ambacho hujawahi kumuuliza? Kuna neno la kheri ulilolifungia moyoni, unadhani unamhurumia mwenzako? Fundi Taratibu alitafuta miaka kumi na tisa ni nani aliyewaona. Aliyewaona alikuwa upande wake, na alikuwa anaogopa kama yeye.

Daftari binti amelirudisha kwenye mfuko wa gauni la kazi, amefunga kifungo. Baraza linakutana Jumanne, saa tatu asubuhi. Benchi la nyuma, upande wa dirisha, karibu na mlango, kuna nafasi ya mtu mmoja.